Blanketi la Gari

Juzi asubuhi, hapa Syokimau, kijana wa nyumba ya chini alikuwa akihangaika na gari lake karibu na dirisha langu. Nye... nye... nye... kisha tik. Kimya. Halafu tena, nye... nye... tik. Ukungu ulikuwa umefunika mtaa mzima na mimi nilikuwa bado kitandani, nimejifunika hadi puani. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimelivuta pindo la blanketi na kulinusa. Nilikuwa natafuta harufu ya petroli. Rafiki yangu, sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, lakini pua yangu haikuwa imesahau.

Nikavaa sweta, nikateremka. Kijana alikuwa amefungua boneti na kusimama mbele yake, mikono kwapani.

"Niaje, madam," akaniambia. "Hii kitu imegoma. Lakini ni baridi tu."

Ni baridi tu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nyumbani kwetu maneno hayo tuliyaamini msimu mzima, tena tukayafanyia kazi kwa bidii zote. Ngoja nikusimulie, kwa sababu tangu juzi hayajaniacha.

Kwetu ni kwenye mteremko wa milima ya Iveti, juu ya mji wa Machakos. Watu wakisikia Ukambani hufikiria jua kali na vumbi jekundu tu. Wangekuja kwetu mwezi wa saba waone. Ukungu ulishuka alfajiri ukalala juu ya mibuni ya kahawa, nyasi zikalowa, na ukienda chooni ulirudi miguu imekufa ganzi. Baridi ile tuliiita mbevo, kwa lugha yetu, na mbevo haikuwa hali ya hewa peke yake. Ilikuwa pia ugonjwa. Mtoto akikohoa, ameshikwa na mbevo. Ng'ombe akipunguza maziwa, mbevo. Mzee akiumwa na magoti, mbevo imemwingia. Dawa yake ilijulikana katika kila boma: moto, kitu cha moto cha kunywa, na kufunikwa vizuri.

Siku nyingi nyumbani tulikuwa watu watatu: Baba, mimi, na Susu. Susu ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba. Mama alifanya kazi katika kiwanda kimoja Athi River, akija mwisho wa mwezi na mkate na pipi. Mimi nililala nyumba ya Susu, yenye mafiga matatu upande mmoja na vitanda vyetu upande wa pili. Hadi leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni na maharagwe yanayochemka, namwona kwenye kigoda chake akipepeta muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Maneno ya wimbo alikuwa hayajui yote. Alipofika mahali asipopajua aliguna tu, kisha akaendelea mbele kwa ujasiri.

Blanketi lake lilikuwa la sufu, zito, la kijivu, lenye mistari miekundu pembeni. Marehemu Babu alilileta zamani alipokuwa akichunga ng'ombe wa ranchi kule Lukenya, kabla mimi sijazaliwa. Asubuhi za likizo niliruhusiwa kuingia chini yake Susu alipoamka, na joto aliloliacha lilitosha kunirudisha usingizini. Sijawahi kulala vile tena, na nimewahi kununua mablanketi ya kila aina.

Basi, gari. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, iliyokuwa nyeupe enzi zake. Kila alfajiri alikusanya maziwa ya majirani akayapeleka mjini, kwenye hoteli za chai. Akichelewa, alikuta wenye hoteli wameshapata maziwa kwingine. Mmoja wao, Msomali mwenye ndevu za hina, alipenda kumtania: "Mzee, hii maziwa umeleta ya leo ama ya kesho?" Baba alicheka naye, lakini kesho yake aliamka mapema zaidi. Unga wetu, karo yangu, sabuni, vyote vilitoka kwenye pikapu ile, na sote tulilijua hilo.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa sita ulipoingia, ikaanza kukataa kuwaka. Baba alivuta choki ya kuamshia injini hadi ikamtoka mkononi. Akafungua plagi, akazileta jikoni, akazipanga kwenye makaa kando ya sufuria ya uji, kisha akazikimbiza kurudi zikiwa moto, akizirusharusha kiganjani na kusema maneno ambayo Susu alijifanya hayasikii. Siku hiyo iliwaka. Kesho yake ikakataa. Akamwagia betri maji ya moto, na vyuma vya karibu yake pia. Yale maji Susu alikuwa ameyachemsha aogee. Gari likaoga maji ya moto, Susu akanawa kwa maji ya pipa, akajifuta kwa leso na kusema kwamba hata afadhali, yanamfungua macho.

Mwisho Baba akawa anaiegesha karibu na lango, mahali penye mteremko, ili isukumwe. Majirani walikuja na mitungi yao ya maziwa, wakaiweka kwenye nyasi, wakapuliza mikono na kuegemea nyuma ya pikapu. "Haya! Sukuma! Sukuma!" Ilishuka kimyakimya kwenye ukungu, Baba akaachia klachi, ikakohoa mara mbili tatu, ikawaka. Sisi watoto tulishangilia. Kwetu ilikuwa sherehe ya kila siku.

Katika wasukumaji alikuwamo mwalimu wetu wa shule, jirani wa ng'ambo ya kijito, mtu wa kuvaa tai hata akienda kukamua. Yeye ndiye aliyetoa hukumu.

"Hapo ni baridi imeingia kwa injini," alisema. "Chuma ni kama mwili tu. Ikishikwa na baridi, inajikunja."

"Ni mbevo," Baba akakubali.

Ilipokwisha kuitwa hivyo, mambo yakaisha. Hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Gari lilikuwa mgonjwa, na mgonjwa wa mbevo tulijua namna ya kumtunza. Jioni tukaanza kuifunika injini kwa magunia. Magunia yakafyonza umande, pikapu ikaendelea kukataa. Ndipo jioni moja Susu akatoka nyumbani kwake na blanketi lake limekunjwa mikononi.

"Chukueni hii," akasema. "Gari ndio inatulisha."

"Hapana, Mama. Wewe utajifunika nini?"

"Mimi niko na koti ya babu ya huyu mtoto. Hii baridi ni ya siku kidogo tu."

Baba alisimama akilitazama blanketi. Kisha akalipokea. Na asubuhi yake, amini usiamini, pikapu iliwaka mara ya kwanza! Baba alipiga honi mbele ya mlango wa Susu. Susu akatoka akicheka, akapiga vigelegele vifupi, mikono yake ikiwa ndani ya mikono mirefu ya lile koti.

Kazi ya kufunika ikawa yangu. Kila jioni, nikimaliza kusugua mitungi ya maziwa, nililitoa blanketi kitandani kwa Susu, nikafungua boneti na kulishindilia juu ya injini, hasa pembeni mwa betri ambapo upepo ulipita. Alfajiri nililivuta kwa nguvu likatoka, Baba akazungusha ufunguo. Siku nyingine iliwaka, siku nyingine haikuwaka. Isipowaka, nililaumiwa kwamba sikufunika vizuri, nami jioni nikashindilia zaidi. Nilikuwa mtoto mwenye bidii, kila mtu alisema hivyo.

Haukupita muda nikaacha kulitoa kitandani. Lililala sasa kwenye kiti cha pikapu mchana kutwa. Na jina likabadilika bila mtu kuamua. Mwanzoni Baba alikuwa akiniambia, "Leta blanketi ya Susu." Baadaye ikawa, "Leta blanketi ya gari." Hata Susu akaliita hivyo. Hata Mama alipokuja mwisho wa mwezi na kuliona, aliuliza, "Hii ni ya nini?" nikamjibu haraka, "Ni ya gari," naye akaenda zake kuota moto.

Susu alilala na koti na leso zake. Koti lilikuwa fupi. Akivuta juu, miguu inatoka. Akifunika miguu, mabega yanabaki wazi. Nilimsikia akihangaika nalo gizani. Siku moja nikamuuliza, "Susu, huhisi baridi?"

"Mimi niko sawa, mwanangu," akasema. "Mwili ya mzee imezoea."

Nikafurahi. Hapo ndipo panaponichoma, rafiki yangu. Nilikuwa na blanketi langu, jepesi lakini zima, na ningeweza kumwambia aje tulale pamoja, au mimi niende kwake. Lakini kitanda changu kilikuwa kimeshapata joto. Jibu lake lilinifaa, nikalikumbatia upesi kabla hajalibadilisha. Nikageukia ukutani nikalala.

Asubuhi kwetu zilianza na salamu. Baba aliingia jikoni akisugua mikono na kuuliza, "Gari imeamkaje?" Ulikuwa utani mwanzoni. Baadaye ukawa ndiyo salamu yenyewe. Susu alikuwa pale pale amepiga magoti akipuliza moto, anakohoa, na tulidhani ni moshi. Pikapu ikikohoa, uwanja mzima ulinyamaza kusikiliza.

Kulikuwa na dalili kwamba tumepotea njia, na nikiikumbuka nataka kujipiga kofi. Jumamosi moja Baba alienda kuchukua masanduku ya nyanya za kuuza Kithimani, nami nikafuatana naye. Kithimani ni joto, jua linakupiga utosini, watu wanakaa na shati wazi. Tulipomaliza kupakia, pikapu ikakataa. Nye... nye... tik. Mchana kweupe! Baba akafuta jasho usoni, akafikiri, akasema, "Ni ile mbevo ya nyumbani. Bado haijaitoka." Mimi nikaitikia kwa kichwa, mtu mzima mwenzake.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Susu hakuwasha moto. Niliamka nikakuta mafiga baridi, majivu ya jana. Yeye alikuwa kitandani, amejikunja ndani ya koti, anapumua haraka haraka na kwa kukatakata. Nilimshika mkono. Mwili ulikuwa unachemka, na bado alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Nikapiga mayowe. Baba akaja mbio, akainama juu yake.

Susu alitutazama, kwanza yeye, kisha mimi. Alikuwa na haya usoni, haya ya mtu anayeomba kitu kwa jirani asiyemzoea.

"Naomba mnipatie blanketi ya gari," akasema. "Kidogo tu. Nitairudisha."

Baba alishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Mimi nilikimbia nje, nikafungua boneti, nikalivuta. Lilikuwa limelowa kidogo, baridi kama lilivyolala, lina madoa meusi ya oili na harufu ya petroli iliyokwenda kichwani. Ndivyo lilivyomrudia. Tulimfunika, akalivuta hadi kidevuni, akatuambia asante.

Tulipompakia kumpeleka hospitali, pikapu ilikataa, bila shaka. Majirani waliacha mitungi njiani wakaja kusukuma. Mwalimu alisukuma hadi kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, na hakurudi kukichukua mpaka tulipotoweka kwenye ukungu. Susu alikaa katikati yetu, kichwa chake begani kwangu, na kila kwenye shimo aliguna, vile alivyoguna kwenye maneno ya wimbo asiyoyajua.

Hospitalini walisema ni nimonia. Walimlaza. Mlangoni mwa wodi nesi alilishika blanketi kwa vidole viwili na kusema, "Hii inanuka petroli, haiwezi kuingia hapa. Tutampatia ingine." Susu akaliachia bila ubishi. Nikabaki nalo mikononi.

Tulipotoka, jua lilikuwa limepanda, mabati ya magari yaliyoegeshwa uani yamekuwa ya moto. Pikapu ikakataa. Baba alimtafuta fundi kule karibu na soko, mtu mnene mwenye mdomo mwingi, akaja naye kwa miguu.

"Inasumbuliwa na baridi, fundi," Baba akamweleza. "Tangu mwezi wa sita."

Fundi aliangalia jua, akamwangalia Baba, akaona sura yake, akaacha mzaha aliotaka kufanya. Aliinama kwenye boneti. Akagusa hapa, akatingisha pale, akamwambia Baba azungushe ufunguo. Ikawaka. Akasema azime. Akaachia waya fulani, akasema awashe tena. Nye... tik.

"Shida ni athi," akasema.

Mimi nikashtuka. Athi? Kule Athi River, kwa Mama? Kwa mawazo yangu ya kitoto nilidhani gari liliumizwa huko kiwandani. Lakini athi ya mafundi ni waya mnene unaotoka kwenye betri na kushika bodi, umeme upate njia ya kurudi. Wetu ulikuwa umeota kutu pale unapofungwa, na bolti imelegea. Unagusa, unaachia. Fundi aliuchomoa na kutunyooshea. Kwenye ncha yake palikuwa na nyuzi za sufu, za kijivu, na mmoja mwekundu.

"Hii ni sufu? Ilifika aje huku?"

Aliendelea kuzichomoa kwa kucha, akiongea peke yake: kwamba kitu kilikuwa kinauvuta waya huu, na kila ukivutwa huenda uligusa kidogo gari likawaka. Akaisugua kutu kwa msasa, akakaza bolti mpya. Hata soda aliyokuja nayo mkononi ilikuwa haijaisha.

"Mzee, hii gari haina baridi," akasema, akifuta mikono. "Haijawahi kuwa na baridi."

Baba alikuwa ameshika usukani, macho mbele. Mimi nilikuwa kando yake na blanketi mapajani. Aliligusa mara moja, pale penye mistari, kisha akauondoa mkono.

Susu alipona, kwa namna yake. Alirudi akawasha moto wake, akaimba, lakini kifua hakikurudi kilivyokuwa. Aliishi miaka kadhaa, na kila mwezi wa saba alikohoa, na kila alipokohoa mtu mmoja kati yetu alitoka nje. Baba alimnunulia mablanketi mawili mapya, mazito. Alishukuru sana, akayaweka sandukuni yawe ya wageni, akaendelea kujifunika lile la zamani. Nililifua kwa sabuni na majivu, nikalianika siku nzima juani, nikalifua tena. Harufu ya petroli ilipungua, haikuisha. Nilipoingia chini yake asubuhi za likizo, joto lilikuwa lile lile, lakini sikulala.

Na pikapu, ole wetu, ikawa inawaka mara moja, kila alfajiri, baridi au joto. Ingekuwa afadhali ingekataa siku moja moja. Kila ilipowaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, Baba aliinamisha macho. Alikuwa sasa hapandi kabla hajasimama mlangoni kwa Susu. "Mama, umeamkaje?" aliuliza, na hakuondoka kwa jibu la kwanza. Alisimama akisikiliza anavyopumua.

Vyote hivyo havipo. Baba alimfuata mama yake, wote wako chini ya mibuni, na mibuni yenyewe imeng'olewa nusu. Pikapu ilinunuliwa na watu wa vyuma chakavu. Maziwa ya kwetu siku hizi yanabebwa kwa pikipiki, na pale langoni palipokuwa na mteremko wa kusukumia pamesawazishwa, huwezi kujua kwamba watu waliwahi kusimama pale wakipuliza mikono na kucheka. Blanketi sijui liliishia wapi. Hilo nalo sikulitunza.

Nilimwambia yule kijana aangalie waya wa athi. Aliniangalia kwa shaka, lakini akachukua spana, akaukaza, akawasha. Gari likanguruma.

"Eh! Madam, kumbe wewe ni fundi?"

Nikamwambia hapana, nikapanda ngazi. Mama anaishi nami tangu mwaka jana, chumba cha kando ya jikoni. Alikuwa ameamka, amekaa kitandani na kikombe cha chai. Nilisimama mlangoni.

"Mama, unahisi baridi?"

"Mimi niko sawa," akasema.

Nikaenda chumbani kwangu, nikalichukua blanketi lililokuwa bado na joto langu, nikarudi nikamfunika nalo.